Barua Tatu za Kumuulizia Fundi Sululu

Athanasi Masunga hutengeneza plau. Banda lake la kuchomelea liko Somanda, mjini Bariadi, na kuanzia mwezi wa Septemba hadi mvua za kwanza ni nadra kumkuta peke yake hata kwa dakika kumi. Wakulima humletea plau zilizopinda au kukatika, nyingine zikiwa zimefungwa nyuma ya baiskeli kutoka Nyakabindi na mbali zaidi, naye huuliza kwanza ziliumia wapi na katika udongo gani, ndipo achukue kifaa. Alizaliwa Mwamapalala mwaka 1966. Mkewe, Milembe, analima mpunga na kushona nguo za watoto. Watoto wao wanne, Machibya akiwa mkubwa, wana miji yao.

Nilikuwa nimekwenda kumhoji juu ya historia ya plau. Alijibu kila swali kwa ufupi na kwa mpangilio, akataja miaka na majina, na nilipokuwa nafunga daftari langu akaniletea matatu ya kwake, makubwa, yenye majalada magumu.

"Ya plau yameisha," alisema. "Sasa uliza na haya."

Madaftari hayo yalihusu tamthilia moja ya mambo ya anga. Nimeyasoma yote matatu, nimezungumza na watu wanaotajwa humo, na maelezo yafuatayo ni yale ambayo pande zote zimekubaliana kwamba ndivyo yalivyokuwa.

Tamthilia hiyo inaitwa *Mji wa Angani*, au ndivyo ilivyoitwa Bariadi, kwa kuwa aliyeipa jina hilo ni Jabiri Mwinshehe. Jabiri ana banda la video karibu na soko. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyekuja Bariadi kuuza vitambaa akaoa na kubaki, hivyo Jabiri anakijua Kisukuma kama mwenyeji na bado anahesabiwa Mzaramo, yaani mtani wa kila Msukuma anayepita mlangoni pake. Kazi yake si kuonyesha filamu tu. Anazitafsiri. Hupunguza sauti ya wahusika, hushika kipaza sauti, na kusema kwa niaba ya wote: wanaume, wanawake na mashine. Majina magumu huyaacha na kuwapa wahusika mengine. Kiongozi wa mji ule wa chuma unaosafiri kati ya nyota, mwanamke mwenye mkono mmoja wa bandia, akamwita Kamanda Zamda. Mtu mwenye pua ndefu anayetunza pampu za maji akamwita Fundi Sululu.

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Jumapili moja ya mwezi wa Machi, 2012. Dunia imekauka, watu wa mji mmoja wameondoka na mji wao wakitafuta ardhi nyingine. Athanasi aliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Jumapili iliyofuata hapakuwa na mvua, akaingia tena. Baada ya miezi mitatu alinunua daftari.

Namna alivyoliandika daftari hilo inahitaji maelezo. Baba yake, mzee Masunga Machibya, alikuwa na ng'ombe zaidi ya sitini, na jioni hakuwahesabu kwa namba. Alisimama penye mdomo wa zizi akiwatazama wakiingia mmoja mmoja: yule mwekundu mwenye kiraka, binti wa yule aliyetolewa kwa mahari ya shangazi, yule mweusi wa pembe moja, mjukuu wa fulani. Aliyekosekana alijulikana kwa sura na kwa mama yake. Athanasi aliwaandika watu wa *Mji wa Angani* kwa utaratibu huohuo. Kila mhusika ana ukurasa wake: sura yake, wazazi wake kama wametajwa, Jumapili aliyoonekana mara ya kwanza, na Jumapili aliyoonekana mara ya mwisho.

Mtu anayetunza kumbukumbu kwa njia hiyo hawezi kuitazama tamthilia ndefu kwa amani. Katika msimu wa pili pampu kuu iliharibika kabisa, watu wakagawana maji kwa vikombe, na Jumapili iliyofuata kila mtu alikuwa anaoga. Mtoto mmoja wa kike alikuwa na miaka minane kwa misimu minne mfululizo, na kaka yake katika muda huo aliota ndevu. Katika msimu wa sita mkono wa chuma wa Kamanda Zamda ulitoka kushoto ukahamia kulia.

"Mkono umehama," Athanasi alisema kwa sauti, banda zima likamsikia.

"Labda ameuvua kuufua," alidakia Scola, muuza karanga, ambaye kikapu chake humpa haki ya kuingia bila kiingilio na kusema apendalo.

"Ngosha," Jabiri alijibu kwenye kipaza sauti, akimwita mwanamume kwa Kisukuma, bila kuacha kutafsiri mlio wa risasi, "wenzako wanatazama vita, wewe unatazama mikono!"

"Ninyi Wazaramo mkisikia kishindo mnadhani ni ngoma. Nakuuliza, mkono umehamaje?"

"Waulize waandishi. Mimi mdomo tu."

Jibu hilo la Jabiri, kwamba yeye ni mdomo tu, limeandikwa mara nyingi katika madaftari. Kila kosa lililoonekana lilipelekwa kwa waandishi, watu wa mbali wasiojulikana majina, na Athanasi akajenga juu yao maoni makali. Aliwaona kama watu wenye kipaji na wavivu. "Wanajua kuanza," aliandika mwaka 2014. "Kumaliza hawajui."

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la Fundi Sululu. Athanasi alimpenda mtu huyo kwa sababu zilizo wazi: hakuwa msemaji, alitembea na spana mfukoni, na viongozi walipogombana yeye alilala chali chini ya mashine. Katika msimu wa nne, mwaka 2015, vali ya pampu ilipasuka. Fundi Sululu akajitolea kushuka kwa chombo kidogo kwenye mwezi wa barafu ambako meli ya zamani ilikuwa imeanguka, akaing'oe vali ya meli hiyo. Sehemu iliishia anapofunga mlango wa chombo chake. Jumapili iliyofuata pampu inafanya kazi, mji uko mbali kabisa na mwezi ule, na penye pampu amesimama kijana mwingine. Hakuna aliyeuliza. Sauti ya Jabiri ilisema tu kwamba mambo yalikuwa mengi na hatimaye maji yakapatikana.

Athanasi alisubiri msimu ule uishe, akasubiri na uliofuata. Tangu Jumapili ile, chini ya kumbukumbu ya kila wiki aliongeza mstari mmoja: *Fundi Sululu hajarudi.* Mstari huo unaendelea kwa miaka tisa.

Nilimuuliza kwa nini lile la mkono liliishia kwenye mzaha na hili halikuishia hapo. Alinisimulia habari ya mtamba mmoja wa baba yake, mwenye ubavu mweupe, ambaye jioni moja hakuonekana mdomoni mwa zizi. Mzee Masunga alikataa kuvuta miiba ya kufungia zizi. Chakula kiliivishwa, kikapoa, yeye amesimama palepale. Kisha jirani akaja na habari kwamba mtamba yuko korongoni, amevunjika mguu. Mzee akaenda kumtazama, akarudi, akavuta miiba.

"Alikuwa amekufa," Athanasi alisema, "lakini baba alijua amekufia wapi. Ndipo akafunga. Hawa waandishi wamefunga na mtu yuko nje."

Mwaka 2016 aliwaandikia. Barua iliandikwa kwa taratibu zote za kiofisi: anwani juu upande wa kulia, tarehe, kisha *Kwa Waandishi wa Mji wa Angani*, na *Yah: Fundi Sululu*. "Husika na kichwa cha habari hapo juu," inaanza. "Mimi ni mtazamaji wenu wa Bariadi, mkoa wa Simiyu. Naomba kufahamishwa mtu huyu mlimwacha kwa sababu ipi, na kama mna mpango wa kumfuata." Barua ya pili, ya mwaka 2018, inarejea ile ya kwanza na kueleza kwamba barafu, kwa ufahamu wa mwandishi, hutunza vitu, hivyo muda haujapita. Ya tatu, ya 2021, ina sentensi nne tu, na ya mwisho inasema: "Kama mmemsahau, semeni mmemsahau, nami nitaelewa." Zote tatu alimkabidhi Jabiri, aliyesema atazipeleka.

Majibu hayakuja.

Mwaka jana, wakati pamba inaanza kuvunwa, Jabiri alibandika tangazo mlangoni: msimu wa kumi na moja ndio wa mwisho, sehemu kumi, kila Jumapili sehemu moja. Athanasi alilisoma mara mbili. Zilibaki Jumapili kumi za kumrudisha Fundi Sululu, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angeweza kumrudisha.

Ya kwanza ikapita, na ya pili. Kufikia ya sita Scola aliacha kumtania, jambo ambalo Milembe ananiambia lilimshtua mumewe kuliko mzaha wenyewe. Ya tisa ilionyeshwa: mji umeiona ardhi mpya kwa mbali, watu wanakumbatiana, na Fundi Sululu hajatajwa. Siku hiyo Athanasi alirudi nyumbani, akaketi barazani, akafungua daftari la kwanza na kuanza kusoma kwa sauti tangu mwanzo. Alitaka kuorodhesha kila kilichoachwa bila kumalizwa, ili sehemu ya kumi ikipita awe na hesabu kamili ya lawama.

Milembe alikuwa anachambua mchele. Hakuwahi kuingia bandani mwa Jabiri hata siku moja, kwa maelezo yake mwenyewe kwa sababu mabenchi yale hayana mgongo, hivyo alisikiliza kama mtu anayesomewa gazeti.

"Hapo umesema nini?" aliuliza ghafla.

"Pampu imeharibika."

"Baada yake."

Athanasi alitafuta mstari. Alikuwa na desturi ya kunukuu maneno ya mtafsiri kama yalivyotamkwa, na alikuwa amenukuu hivi: "Mambo yakawa mengi, ndugu mtazamaji."

"Na pale kwa yule fundi wako?"

Alifungua ukurasa wa mwaka 2015. "Mambo yakawa mengi, ndugu mtazamaji, hatimaye maji yakapatikana."

Milembe aliweka ungo chini. "Baba Machibya, huyo Jabiri wako ndivyo anavyosema kila siku?"

Walipekua madaftari yote matatu hadi giza lilipoanza kuingia. Maneno yale yalikuwa mahali kumi na moja katika miaka kumi na miwili, na katika mahali tisa yalifuatiwa papo hapo na jambo lisiloeleweka: maji yaliyorudi, adui aliyegeuka rafiki, ndoa isiyokuwa na harusi. Mkono wa Kamanda haukuwamo. Mtoto wa miaka minane hakuwamo pia. Fundi Sululu alikuwamo.

"Wapo wachungaji wa namna hii," Milembe alisema, "mmoja akipoteza ng'ombe anakuja nyumbani anaongea sana. Hawa waandishi unawaonea."

Jumatatu asubuhi Athanasi hakufungua banda lake. Alimkuta Jabiri anafuta mabenchi.

"Mwangaluka, Jabiri."

"Mwangaluka, ngosha. Leo plau zimejitengeneza zenyewe?"

Athanasi alifungua daftari penye alama, akamgeuzia. Jabiri alisoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akaketi kwenye benchi alilokuwa amemaliza kulifuta.

"Sidii ilikuwa na ufa," alisema. "Niliinunua Mwanza. Sehemu tatu nzima zilikuwa hazionyeshi kitu, mistari tu. Nikaruka nikaanzia pale ilipokubali."

"Kwa nini hukusema?"

"Watu walikuwa wameshakaa, mzee. Siku ya mnada, banda limejaa mpaka dirishani. Niwaambie sidii imepasuka? Wewe wa kwanza ungenichomelea kwenye huu mlango."

"Na nyingine?"

"Nyingine umeme. Nyingine…" Jabiri alitazama daftari tena. "Hii ya ndoa nilikuwa na homa, sikuielewa."

"Miaka tisa," Athanasi alisema. "Miaka tisa nawatukana watu wa watu."

Jabiri aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake, juu ya waya na betri za zamani, kulikuwa na barua tatu. Hazikuwa zimefunguliwa.

"Sikujua pa kuzipeleka," alisema. "Na kuzitupa nilishindwa."

Athanasi anakiri kwamba wakati huo alitaka kuondoka na asirudi tena. Alichomzuia ni swali.

"Basi hawakumwacha?"

Jabiri alimwambia ukweli uliobaki. Sehemu ya kumi alikuwa ameshaitazama ili kujiandaa, na humo Fundi Sululu anatajwa, kwa heshima kubwa, na Jabiri mwenyewe hakuelewa kwa nini. Akazitafuta zile sehemu tatu kwenye simu, maana siku hizi zinapatikana, akazitazama. Tangu siku hiyo alikuwa anajiuliza atatafsiri vipi mwisho ambao watazamaji wake hawana mwanzo wake. Alikuwa amekwisha kuamua kusema kwamba mambo yalikuwa mengi.

"Amekufa?" Athanasi aliuliza.

"Sikwambii. Njoo Jumapili, nitazionyesha zote tatu kwanza. Ya kumi itasubiri."

"Na faini yako?"

Mtani akimkosea mtani, faini ni lazima, na si lazima iwe kuku. Jabiri alikunja mikono akasubiri hukumu.

"Utasoma barua zangu," Athanasi alisema. "Zote. Kwenye kipaza sauti."

Jumapili hiyo Milembe alikuja na kiti chake chenye mgongo. Jabiri alisimama mbele ya skrini, akafungua bahasha ya kwanza, akasoma kuanzia anwani. Alipofika "Husika na kichwa cha habari hapo juu" watu walikuwa wanacheka mpaka benchi moja likaegemea ukuta.

"Jibu barua, Mzaramo!" Scola alipiga kelele. "Mtu kaandika tangu 2016!"

"Nimejibu, nimechelewa tu."

"Posta ya kwenu inaenda kwa kobe?"

Barua ya tatu haikumchekesha mtu. Jabiri alipomaliza sentensi ya mwisho aliikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, na kuzima taa.

Sehemu zile tatu, kama zilivyoandikwa katika daftari kwa mkono uliotulia kuliko kurasa nyingine zote, zinasema hivi. Fundi Sululu anaipata vali. Chombo chake kinavunjika wakati wa kuondoka, naye anaipeleka vali juu peke yake, ndani ya kisanduku cha kubebea barua, pamoja na maelekezo ya namna ya kuifunga. Mjini wanaifunga, maji yanatoka. Wakuu wanamwambia Kamanda Zamda aondoke, kila saa wanayokaa ni hatari. Anakataa. Anaamuru lango la vyombo liachwe wazi, taa zake zote ziwashwe, na mji mzima unakaa umesimama juu ya mwezi ule siku tatu. Siku ya tatu wanamwona kwa darubini, amekaa kwenye barafu, ameegemea meli ya zamani, spana iko mkononi. Kamanda anamtazama muda mrefu. Kisha anakwenda mwenyewe langoni na kulifunga kwa mkono.

Jabiri alitafsiri yote hayo. Penye lango alishusha kipaza sauti, akaacha sauti ya chuma isikike yenyewe.

Milembe anasema mumewe hakulia. Scola anasema alilia. Athanasi mwenyewe, nilipomsomea maelezo yote mawili, alisema andika yote. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba alitoa kalamu, akaandika tarehe, na chini yake hakuandika ule mstari wa miaka tisa. Aliandika: *Amepatikana. Lango lilikuwa wazi siku tatu.*

Jumapili iliyofuata *Mji wa Angani* uliisha. Watu wa mji walishuka kwenye ardhi mpya, wakachimba, na kisima cha kwanza kilichotoa maji Kamanda akakipa jina. Jabiri alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyojaza banda: "Na kisima hiki kitaitwa Sululu!" Waliokuwa wamekaa wakasimama. Mtu mmoja wa nyuma, mgeni aliyeingia siku hiyo kwa mara ya kwanza, aliuliza Sululu ni nani, akajibiwa na watu wapatao thelathini kwa pamoja.

Wakati wanatoka, Athanasi alisimama mlangoni akingoja banda liwe tupu.

"Jabiri, umefanya kazi nzuri."

"Wabeja, ngosha."

"Mkono, sasa."

"Mkono upi?"

"Wa Kamanda. Leo amefungulia maji kwa mkono wa kulia, wa chuma. Msimu wa kwanza ni wa kushoto. Hapo huna sidii yenye ufa."

Jabiri alicheka mpaka akashika nguzo. "Hilo si langu! Wallahi hilo ni lao wenyewe!"

"Ndiyo maana nauliza anwani yao."

Barua ya nne ilikuwa mezani siku nilipomaliza mahojiano, *Yah: Mkono wa Kamanda Zamda*. Jabiri amepata mahali pa kuituma kwa simu, na amejitolea kuiweka katika Kiingereza bila malipo. Athanasi amekubali kwa sharti moja. Kabla haijaondoka, Jabiri ataisoma kwa Kiswahili neno kwa neno, barazani, na Milembe atakuwepo kusikiliza kama kuna mahali mambo yamekuwa mengi.